Daktari Naye ni Mwili, Akili na Roho

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuwaeleza habari za madaktari wa osteopathi. Wengi wetu hatujalisikia jina hilo, na wengine hudhani ni watu wa kukanda mgongo tu. Kule Uingereza ni kweli kwamba hao hutibu kwa mikono, wala si madaktari wa dawa na upasuaji. Lakini Marekani ni madaktari kamili: hupasua, huandika dawa, huzalisha akina mama. Juu ya hayo hufundishwa kuchunguza na kutibu mifupa, viungo na misuli kwa mikono yao.

Kazi hii ilianzia katika msiba. Andrew Taylor Still, mwana wa mhubiri wa Methodisti aliyekuwa pia mganga, alizaliwa Virginia mwaka 1828. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliwaua watoto watatu wa nyumba yake. Madaktari walikuja, dawa zikatolewa, wala hazikufaa kitu. Still akatafuta njia nyingine, na mwaka 1874 akatangaza fundisho lake. Mwaka 1892 akafungua shule katika mji wa Kirksville, Missouri, na tangu mwanzo wanawake walipokelewa pamoja na wanaume.

Fundisho hilo leo huelezwa hivi: mtu ni kitu kimoja, mwili, akili na roho; mwili una uwezo wa kujiponya; tena umbo la mwili na kazi yake hutegemeana. Sisi tusomao Maandiko hatushangai. Eliya alipochoka na kuomba afe, hakuhubiriwa kwanza. Alipewa usingizi, mkate na maji.

Sasa twafika kwenye jambo tulilolikusudia. Je, watu wafundishao hivyo, wao wenyewe huishi vipi?

Kwa miaka mingi walidharauliwa. Katika Vita Vikuu vya Pili jeshi la Marekani halikuwapokea kama madaktari wake. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1966. Huko California, mwaka 1962, kama 2,000 kati yao walikubali kuiacha shahada yao na kupewa ile ya madaktari wengine kwa malipo ya dola 65. Fikirini, ndugu: jina ulilolisomea kwa jasho, labda bei yake haifiki ya suti ya Jumapili!

Siku hizo zimepita. Tangu mwaka 2020 madaktari wa namna zote mbili huendelea na mafunzo ya hospitali chini ya mpango mmoja. Lakini mizigo haikwisha. Wanafunzi wengi wa osteopathi hufanya mitihani miwili ya taifa, wa kwao na wa wenzao, ili wasikataliwe mahali fulani. Wengi hutoka chuoni na deni lipitalo dola 200,000. Zaidi ya nusu huenda kwenye matibabu ya kawaida ya jamaa nzima, wengine katika miji midogo ya shamba, ambako daktari akiugua hakuna wa kumshikia zamu.

Lakini mzigo mkubwa ni hofu. Katika majimbo mengi fomu ya leseni ilimwuliza daktari kama aliwahi kutibiwa ugonjwa wa akili. Basi yule asiyepata usingizi, aliyekata tamaa, hupiga hesabu: nikienda kutibiwa, nitaandikwa, nikiandikwa, nitapoteza kazi. Hunyamaza. Ni kama kumwambia dereva wa matatu kwamba akisema breki zimelegea atanyang'anywa leseni. Breki hazitatengenezwa, ila yeye hatasema tena. Na wako madaktari waliojiua kwa kunyamaza huko.

Mmoja aliyejulikana sana ni Daktari Lorna Breen wa New York. Hakuwa wa osteopathi, lakini hofu ilikuwa ile ile. Mwezi wa Aprili 2020, baada ya kuwahudumia wagonjwa wa Covid na kuugua mwenyewe, alijiua; jamaa zake walieleza kwamba alikuwa akiogopa kupoteza leseni. Mwaka 2022 sheria yenye jina lake ilipitishwa, kutoa fedha za kutunza afya ya akili ya wahudumu wa hospitali.

Tangu hapo majimbo kadhaa yamegeuza swali. Sasa huuliza tu kama kuna jambo limzuialo daktari leo asifanye kazi kwa usalama. Vyuo vya osteopathi navyo, ili vipate kibali, sharti vimpe kila mwanafunzi njia ya siri ya kupata msaada wa afya ya akili, usiku na mchana, siku saba kwa juma. Kwetu sisi hilo lafaa kuliko semina nyingi. Lakini fomu za leseni bado hazifanani jimbo kwa jimbo, na daktari ahamaye hana budi kuisoma ya huko aendako kabla ya kwenda kutibiwa.