Kutaja kifo si uchuro

Msomaji, hebu jiulize swali moja kabla hujaendelea. Iwapo ungelazwa hospitalini leo na usiweze kusema neno, je, yupo mtu hata mmoja nyumbani kwako anayejua ungependa ufanyiwe nini? Siulizi kuhusu shamba na pesa pekee. Ungetaka nani aketi kando ya kitanda chako? Ungependa kufia wodini au nyumbani? Na je, ungetaka kuzikwa wapi?

Huenda tayari umekunja uso. Huenda umesema "Ashindwe!" na mkono wako uko njiani kufungua kurasa za michezo. Hutakuwa peke yako, kwani wengi wetu tumelelewa hivyo. Pwani, anayetaja kifo cha mtu aliye hai huambiwa anachuria. Bara nako, mzee akianza kuonyesha mahali anapotaka kaburi lake lichimbwe, watoto humkatiza upesi: "Baba, achana na maneno hayo, bado una nguvu."

Ajabu ni kwamba kukutana kwa ajili ya kifo ni jambo tunalolijua sana. Mtu akifariki jioni, kufikia asubuhi kamati imeundwa, mweka hazina amechaguliwa na nambari ya kutumia mchango imesambazwa katika simu za watu wote. Kila jioni watu hukusanyika matangani. Hujadiliwa bei ya jeneza, basi la waombolezaji, ada ya mochari, hema, viti na sufuria za kuazima. Asiyekuwepo kikaoni ni yule anayezungumziwa, ambaye angeyajibu maswali mengi kwa dakika chache.

Nililijua jambo hili kwa uchungu. Shangazi yangu aliugua saratani ya umio, na ilipogunduliwa hakuweza tena kumeza hata uji mzito. Daktari alituita jamaa kando akatueleza kwamba hali ile haingeweza kugeuzwa. Pale pale kwenye ujia wa wodi tukakubaliana shangazi asiambiwe. Tulidhani tunamhurumia.

Tangu siku hiyo kila aliyeingia kumwona aliingia na tabasamu na maneno yale yale: "Utapona tu." Jioni moja tulipobaki wawili aliniuliza kwa sauti iliyokauka, "Mkinitoa hapa, mtanipeleka wapi?" Nilielewa vizuri alichokuwa akiuliza. Nikamjibu, "Nyumbani, Shangazi, ukishapona." Alinitazama kwa muda, kisha akageukia ukutani. Hakuniuliza tena. Siku 11 baadaye alifariki.

Shangazi alikuwa ametengana na mumewe kwa miaka mingi, lakini mahari hayakuwa yamerudishwa. Upande wa mume ukaudai mwili, nasi tukaudai. Mwili ukakaa mochari wiki 3 huku ada ikipanda kila kukicha. Kuhusu akiba yake katika chama cha akina mama, tulipata habari kutoka kwa mwanachama mwenzake aliyekuja kutupa pole akidhani tunajua. Ada ile tulilipa na tukaisahau. Vile alivyogeukia ukuta sijasahau.

VIKAO VYA CHAI NA KEKI

Nimekumbuka mkasa huu kwa sababu ya vikao fulani ambavyo vimeenea katika sehemu nyingi za dunia, ambapo watu wazima, wengi wao wakiwa na afya njema, hukutana kwa hiari yao na kuzungumza kuhusu kifo.

Aliyeanza alikuwa mwanasosholojia wa Uswisi, Bernard Crettaz. Mnamo 2004, katika mji wa Neuchâtel, aliwaalika watu mkahawani wale, wanywe na wazungumze kuhusu kufa kwao na kufiwa kwao. Hakukuwa na mhadhara wala mahubiri. Kikao hicho alikiita café mortel kwa Kifaransa, na aliandaa vingine vingi baada ya hapo, kwani aliamini kwamba watu wa siku hizi wamekifungia kifo katika kimya.

Habari hizo zilimfikia kijana mmoja wa Uingereza, Jon Underwood, kupitia gazetini. Septemba 2011 aliandaa kikao cha kwanza nyumbani kwake Hackney, mashariki mwa London. Aliyekiongoza alikuwa mamake, Sue Barsky Reid, ambaye ni mtaalamu wa ushauri nasaha. Waliviita vikao hivyo Death Cafe, yaani mkahawa wa kifo, kisha wakaandika mwongozo ambao mtu yeyote angeweza kuutumia mtaani kwake. Julai 2012 kikao cha kwanza cha Marekani kilifanyika katika jimbo la Ohio. Hadi sasa vimeshafanyika katika nchi zaidi ya 80.

Underwood mwenyewe alifariki ghafla mwaka wa 2017 akiwa na umri wa miaka 44. Ilikuwa saratani ya damu ambayo haikuwa imegunduliwa. Waliomjua hawakuhitaji kuuliza alikuwa na maoni gani kuhusu kifo.

Kanuni za vikao hivi ni chache. Hakuna ajenda. Hakuna kiingilio cha kumtajirisha mtu, wala haruhusiwi mtu kuja kuuza bima au jeneza. Hakuna anayesukumwa afikie uamuzi fulani, awe mcha Mungu au asiyeamini. Yanayosemwa humo hayatolewi nje. Na lazima kuwe na chai na keki. Niliposoma hilo la keki nilicheka, nikaona ni mambo ya Wazungu. Baadaye nikakumbuka kwamba sijawahi kuhudhuria matanga yaliyokosa chai na mkate. Mtu aliyeshika kikombe cha moto hupata mahali pa kutazama anaposhindwa kumtazama mwenzake.

Jambo moja ni muhimu ulielewe: hivi si vikao vya kuwafariji waliofiwa. Mwenye msiba mbichi ana haja zake, na huenda akaumizwa na mazungumzo ambayo wengine wanayafanya kwa utulivu. Mtu kama huyo anafaa kuonana na mshauri, kiongozi wake wa dini au rafiki wa karibu.

KILE KINACHOOGOPWA HASA

Watu wakianza kufunguka katika mazungumzo ya namna hii, aghalabu utawasikia wakisema kwamba hawaogopi sana kufa. Wanaogopa maumivu, na wanaogopa kuwa mzigo kwa watoto wao. Hili la maumivu lina jibu la kitabibu, na ni jibu ambalo familia nyingi hulikosa kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kukiri kwamba mgonjwa anakufa.

Daktari Cicely Saunders alifungua hospitali ya St Christopher's jijini London mwaka wa 1967, akaonyesha kwamba mgonjwa asiyeweza kupona bado anaweza kutibiwa: maumivu yake, kichefuchefu chake, usingizi wake na hofu yake. Matibabu haya huitwa tiba shufaa. Nchini Kenya, Nairobi Hospice ilianza mwaka wa 1990 katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Leo kuna vituo vya aina hiyo Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu na Mombasa miongoni mwa miji mingine. Daktari Anne Merriman, ambaye alikuwa amefanya kazi Nairobi Hospice, alienda Uganda na mwaka wa 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda. Huko mofini ya maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani kwake, ikawa jambo la kawaida. Tangu 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu hata wauguzi waliopewa mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo.

Wengi huiogopa mofini. Husema kwamba ni dawa ya kummaliza mgonjwa, au kwamba itamfanya kuwa mraibu. Ukweli ni kwamba ikitolewa kwa kipimo kinachofaa, kwa saa zilizopangwa na wala si mpaka mgonjwa aanze kupiga mayowe, haiharakishi kifo, na ni nadra mgonjwa wa aina hii kugeuka mraibu. Usumbufu wake mkubwa ni kufunga choo, na daktari mwangalifu humpa mgonjwa dawa ya kulainisha tumbo tangu siku ya kwanza.

Lakini ni nani atakayeiomba dawa hiyo, ikiwa nyumba nzima imekubaliana kwamba mgonjwa "atapona tu"? Na ni nani atakayemwambia daktari kwamba mama hangetaka kufungiwa mitambo katika chumba cha wagonjwa mahututi wiki baada ya wiki, ikiwa mama hakuulizwa alipoweza kujibu?

WAWILI WALIOTUACHIA FUNZO

Wasomaji wa makamo watakumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 20, 1986 bila kuacha maandishi kuhusu mahali pa kuzikwa. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mashahidi walisimama kortini, mmoja baada ya mwingine, wakisimulia yale ambayo marehemu aliwahi kuwaambia, na kila upande ukamsikia alivyotaka kumsikia. Ukoo ulishinda katika Mahakama ya Rufaa, na mazishi yakafanyika Nyalgunga Mei 23, 1987, baada ya zaidi ya miezi 5. Mtu aliyeishi kwa kutetea wengine kwa maandishi hakuwa na karatasi ya kumtetea yeye mwenyewe.

Sasa mkumbuke Profesa Wangari Maathai, aliyefariki Septemba 25, 2011 kutokana na saratani. Alikuwa amesema wazi kwamba hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Jeneza likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji, na mwili wake ukachomwa Kariokor, Nairobi. Wapo ambao hawakupendezwa na kuchomwa huko, na wana haki yao. Ila hapakuwa na haja ya kwenda kortini kubahatisha alitaka nini.

Kwa Waislamu jambo hili si geni hata kidogo. Hufundishwa kwamba mtu mwenye kitu cha kuusia hafai kulala siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa, na kwamba wasiokuwa warithi wanaweza kuachiwa hadi theluthi moja ya mali. Sheria ya Urithi ya Kenya nayo inakubali hata wasia wa mdomo uliotamkwa mbele ya mashahidi 2 au zaidi, lakini kwa sharti kwamba aliyeutamka afariki katika muda wa miezi 3. Hilo hakuna anayeweza kulipanga, kwa hivyo andika, utie sahihi mbele ya mashahidi 2 ambao hawamo katika ugavi. Kuhusu mahali pa kuzikwa, mahakama hailazimiki kufuata kila ulichoandika, lakini huweza kukizingatia, na jamaa mwenye maandishi mkononi hazungumzi kama jamaa asiye nayo.

Iwapo ungependa kujaribu kikao cha namna hii, usianze na mgonjwa. Anza na walio wazima. Watu 6 au 8 wanatosha, iwe ni chama chenu, jamaa wa nyumba moja au majirani wa ploti. Saa mbili hivi za mazungumzo zatosha, na simu ziwekwe kando. Achaguliwe mmoja wa kuhakikisha kwamba msemaji sana anapumzika na mnyamavu anapata nafasi. Kama hujui pa kuanzia, tumia gazeti hili hili: Wakenya wengi husoma kurasa za matangazo ya vifo kabla ya habari zenyewe, ingawa hatupendi kukiri. Yasome matangazo 2 kwa sauti kisha uliza, "Na langu je, lingesemaje?" Anayetaka kunyamaza anyamaze. Akitokea wa kulia, alie, msimkimbilie kwa maneno ya haraka kama tulivyozoea. Mimi ningekushauri pia umzuie yule mjomba ambaye hugeuza kila mkutano kuwa mahubiri, ingawa najua hilo ni gumu kuliko kutaja kifo.

Kwa mgonjwa aliye mahututi tayari, kikao si mahali pake. Kinachohitajika ni mtu mmoja anayeaminiwa, kiti kilichosogezwa karibu, na swali jepesi: "Umekuwa ukiwaza nini?" Kisha kaa kimya. Asipotaka kujibu, umeshamwonyesha kwamba mlango u wazi. Akijibu, usimwambie atapona.

Nyumbani kwetu tulijaribu Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Ndugu yangu alitoka nje kwa dakika kumi kisha akarudi. Mamangu, ambaye nilitarajia atuzomee, aliweka kikombe chake chini akasema kwamba alikuwa akingoja tumuulize tangu baba yetu alipofariki. Anataka kuzikwa alasiri, si asubuhi, ili dada zake wanaotoka mbali wafike. Hataki wimbo ule ambao kila mtu huimbiwa. Leso zake zigawiwe wajukuu wa kike, na daftari la chama liko chini ya godoro, upande wa dirisha.

"Na ile redio," akaongeza, "msimpe mjomba wenu."