Mashine Iliyozimwa Bado Ina Meno

Waswahili husema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Methali hiyo inawahusu mno askari wa jeshi na wa polisi wanaofanya kazi katika karakana za magari, za useremala na za uhunzi. Mashine inayonguruma humtisha kila mtu, na kila mtu huuweka mkono wake mbali nayo. Lakini mashine iliyonyamaza huaminiwa. Fundi huinama, huingiza vidole kati ya gia na mnyororo, hukaza nati au hubadilisha kisu, huku moyo wake umetulia kwa kuwa swichi imezimwa. Ni katika utulivu huo ndipo vidole hukatika.

Askari alipaswa kuielewa hatari hii kuliko raia yeyote. Tangu siku zake za mwanzo katika chuo cha mafunzo, kuruta hufundishwa kwamba bunduki haihesabiwi kuwa tupu kwa maneno ya mwenziwe. Huelekeza mtutu mahali pasipo na mtu, huondoa magazini, kisha hufungua chemba na kuichungulia kwa macho yake mwenyewe. Ndipo huanza kuisafisha. Anayetoa magazini na kusahau chemba anaweza kuua mtu kwa bunduki anayodhani kuwa haina risasi.

Basi na ijulikane kwamba kuzima swichi ya mashine ni sawa na kutoa magazini tu. Risasi ya chemba ingali imo, nayo ni ile nguvu iliyobaki ndani ya mashine.

Nguvu hiyo ina sura nyingi. Ya kwanza ni mwendo. Msumeno wa mviringo au jiwe la kunolea huendelea kuzunguka baada ya umeme kukatwa, na katika karakana yenye kelele nyingine sikio haliwezi kutambua kwamba bado linazunguka. Ya pili ni uzito. Bodi ya lori la tipa iliyoinuliwa, au gari lililo juu ya jeki pekee, huwa linangoja tu kushuka. Ya tatu ni springi. Katika malori mengi yenye breki za upepo, ndani ya kopo la breki ya kuegeshea mna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa sana, na anayelifungua kopo hilo bila kwanza kuifunga springi kwa bolti yake hujitafutia mauti. Ya nne ni mgandamizo wa hewa au mafuta unaobaki katika mabomba hata injini ikiwa imezimwa. Ya tano ni umeme wenyewe. Betri ya gari haizimwi na ufunguo. Pete ya kidoleni ikiunganisha ncha mbili za betri huweza kuwa nyekundu kwa moto na kuunguza nyama hadi ndani. Vivyo hivyo, katika baadhi ya magari, feni ya rejeta inayoendeshwa kwa umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe injini ikiwa bado ya moto, ingawa ufunguo umekwisha kuondolewa.

Tena kuna hatari isiyohitaji nguvu yoyote ya mashine, yaani ukali wa chuma na nguvu za fundi mwenyewe. Kisu cha randa hukata kikiwa kimesimama kama kinavyokata kikizunguka. Fundi hukaza nati kwa spana isiyoienea sawasawa, spana huteleza, na ngumi yake yote huangukia kwenye meno ya msumeno. Dawa yake ni nyepesi. Spana iwe ya kipimo halisi, na ivutwe kuelekea mwilini badala ya kusukumwa. Ikiwa hapana budi kusukuma, isukumwe kwa kiganja kilichofunguliwa. Gurudumu linalotaka kuzunguka lizuiwe kwa kipande cha mti, wala si kwa mkono. Ukanda nao usivutwe kwa vidole karibu na mahali unapoingia kwenye puli, kwani vidole huburutwa humo hata puli ikizungushwa polepole kwa mkono.

Kuhusu glovu, wengi hukosea. Glovu nene humfaa fundi anayeshika kisu kikali wakati mashine imesimama na umeme umekatwa. Lakini kabla ya kuiwasha tena mashine inayozunguka, kama vile drili au mashine ya kukerezea vyuma, glovu hizo hazina budi kuvuliwa, maana kitambaa kikinaswa, mkono huvutwa nao.

Hata hivyo hatari iliyo kubwa kuliko zote ni mtu mwingine. Fundi yumo chini ya mashine, naye mwenziwe anayetoka nje haoni kitu, anafika kwenye swichi na kuiwasha. Katika karakana za kijeshi hatari hiyo huongezwa na cheo. Afande anataka gari litoke saa hiyo hiyo, na koplo aliye chini ya gari huona haya kusema kwamba kazi haijakwisha. Kwa sababu hiyo karakana zenye utaratibu mzuri hufuata kanuni moja: plagi huchomolewa, au swichi kuu hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa yule ambaye mikono yake imo ndani ya mashine. Wakiwa mafundi watatu, kufuli huwa tatu. Kibao huwekwa kusema mashine isiwashwe. Kisha fundi hujaribu kuiwasha ili ahakikishe kwamba kweli haiwaki, kama vile anavyochungulia chemba. Hapo cheo hakina nafasi. Hata kamanda wa kikosi hana ruhusa ya kuvunja kufuli ya fundi aliye kazini, na kamanda mwenye busara hujivunia askari anayemwambia, "Afande, bado."

Haya si mambo ya kubuni. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 119 kuhusu kukinga mashine mwaka 1963. Katika Afrika Mashariki, Tanzania ilitunga sheria ya usalama na afya kazini mwaka 2003, Uganda mwaka 2006 na Kenya mwaka 2007. Lakini sheria haishiki spana. Anayeishika ni askari.

Mkono wa binadamu una mifupa 27, na vidole hukunjwa kwa kano zinazotoka kwenye misuli ya mkono wa mbele. Jeraha dogo kwenye kiganja laweza kukata kano na kukiacha kidole kimelegea. Jeraha linalodanganya zaidi ni la mafuta yaliyorushwa kwa nguvu kutoka tundu dogo la bomba. Huonekana kama alama ya sindano, na maumivu huweza kuwa kidogo mwanzoni, kumbe mafuta yameingia ndani ya nyama na yanaiharibu. Mtu huyo apelekwe hospitali papo hapo, asingoje kesho. Kidole kikikatika, jeraha ligandamizwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe. Kidole chenyewe kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu bila barafu kukigusa kidole.

Taifa hutumia miaka na fedha nyingi kumfunza askari mmoja kulenga shabaha, kuendesha gari na kutengeneza injini. Kazi zote hizo hufanywa kwa vidole kumi. Dakika tano za kuchomoa plagi, kufunga kufuli na kuondoa mgandamizo haziwezi kukichelewesha kikosi. Kinachokichelewesha ni fundi aliyelazwa hospitali, na gari lake likibaki karakanani bila mtu wa kulimaliza.