Unaenda kuteleza kwenye theluji? Chunga goti na kichwa chako

Huenda wewe unayesoma ukurasa huu una mwana, binti au ndugu aliyekwenda masomoni Marekani akabaki huko. Ikiwa anaishi Denver, katika jimbo la Colorado, siku moja atakupigia simu akwambie: "Baba, njoo Februari. Wikendi ya sikukuu twende mlimani tukateleze kwenye theluji." Nauli atalipa yeye, nguo nzito utaazima huko huko, na nani amewahi kukataa mwaliko wa wajukuu?

Nenda. Mimi si daktari wa kuwakataza watu raha zao. Isitoshe, Wakenya si wageni kabisa katika michezo hii: Philip Boit alituwakilisha Nagano, Japani, mwaka wa 1998, naye Sabrina Simader akateremka milima ya Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka wa 2018. Lakini hao walifunzwa kwa miaka. Wewe utakuwa na siku tatu tu, tena katikati ya umati. Wachache waliorudi kwangu wakichechemea kutoka safari kama hiyo wamenisimulia jambo lilelile. Walianguka siku ya pili au ya tatu, alasiri, baada ya kujiambia kwamba wanateremka mara moja ya mwisho.

Foleni juu ya foleni

Sikukuu yenyewe ni Siku ya Marais, ambayo huangukia Jumatatu ya tatu ya Februari. Jumamosi alfajiri utadhani Denver nzima imeingia barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi. Magari hutambaa kama ya kwetu siku ya mkesha wa Krismasi kati ya Rironi na Naivasha. Ukifika Keystone, Breckenridge au Vail, kuna foleni ya kuegesha gari, foleni ya kukodi vifaa na foleni ya kupanda lifti ya viti inayowapeleka watu juu. Hadi upate kuvaa ski, umechoka, una njaa na una haraka. Hapo ndipo makosa yanapoanza.

La kwanza hufanyika dukani. Fundi anayekukodisha vifaa atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu wako. Usidhani ni mdadisi. Kwa majibu hayo yeye hukaza au kulegeza springi ya kifungio, yaani kile kifaa kinachoshikilia buti juu ya ski. Ukianguka vibaya, kifungio kinapaswa kufunguka na kuuachilia mguu kabla mfupa haujavunjika. Mwanamume anayejigamba mbele ya wakwe zake kwamba ni hodari hufungiwa ski ambayo haitamwachilia. Naye mama anayejipunguzia kilo kumi hufungiwa ski itakayochomoka mguuni katikati ya mteremko. Kwa fundi huyo, sema ukweli kama unavyosema kwa daktari wako. (Najua, si wote mnaoniambia ukweli.)

La pili ni kudhani kwamba mteremko wa wanaoanza ni salama kwa kuwa ni mpole. Huko Marekani njia za wanaoanza huwekwa alama ya duara la kijani, za wastani mraba wa buluu, na ngumu almasi nyeusi. Tatizo ni kwamba njia nyingi hukutana chini, karibu na mikahawa na maegesho. Ifikapo saa tisa alasiri, bingwa anayetoka kwenye almasi nyeusi kwa kasi ya gari hupita palepale ambapo mjukuu wako anajifunza kusimama. Mabango ya kuwataka watu wapunguze mwendo yapo, lakini siku ya sikukuu wengi hawayatazami.

Sheria ya kukumbuka ni moja: aliye mbele yako, yaani chini yako, ndiye mwenye njia. Yeye hana macho kisogoni, kwa hiyo wewe unayetoka juu ndiwe unayepaswa kumkwepa. Sheria ya Colorado inasema hivyo, na inamkataza aliyehusika katika mgongano kuondoka bila kutoa jina lake. Watu hushtakiana kwa mambo haya. Mwaka wa 2023 mwigizaji Gwyneth Paltrow alifika mahakamani katika jimbo la Utah kwa mgongano wa mwaka wa 2016, na sehemu kubwa ya kesi ilikuwa kubishana nani alikuwa mbele na nani nyuma. Jopo lilimpa ushindi, pamoja na fidia ya dola 1 aliyoiomba. Wewe usimame kando, mahali unapoonekana kutoka juu, na kabla ya kuanza tena utazame juu kwanza, kama unavyotazama pande zote mbili kabla ya kuvuka Thika Road.

Goti halisamehe

Mguu wa mtelezaji umefungwa ndani ya buti gumu, nalo buti limefungwa kwenye ubao mrefu. Zamani wengi walivunjika kifundo na muundi. Mabuti na vifungio vya kisasa vimepunguza hayo, na mzigo umehamia kwenye goti. Ndani ya goti kuna kano mbili zilizopishana kama msalaba. Ya mbele ndiyo inayozuia muundi usichomoke kwenda mbele, na ndiyo hukatika zaidi katika mchezo huu.

Mara nyingi haikatiki kwa anguko kubwa. Mtu anaenda polepole, anaelemea nyuma, makalio yanashuka chini ya magoti, kisha anajaribu kujiinua angali anateleza. Mkia wa ski unakamata theluji na kulizungusha goti. Husikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 1995 ulionyesha kwamba wafanyakazi wa milimani waliofundishwa kuitambua hali hiyo na kuikwepa walipunguza majeraha makubwa ya goti kwa asilimia 62. Somo lenyewe halihitaji nguvu: ukianguka, anguka. Kunja magoti, kusanya mikono mbele, subiri hadi usimame kabisa, kisha ndipo uinuke.

Goti likivimba katika saa chache za kwanza, kuna uwezekano mkubwa kwamba damu imeingia ndani yake. Usilikande kwa mafuta, na usimruhusu mtu alivute "lirudi mahali pake." Lifunge kwa bandeji, liweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa, inua mguu, na uonwe na daktari. Eksirei huonyesha mfupa tu, haionyeshi kano. Mtu anaweza kuambiwa eksirei yake ni safi ilhali kano imekatika. Jeraha jingine linalodharauliwa ni la kidole gumba, kinachopindwa na fimbo mtu anapoangukia mkono. Kano ya gumba isipotibiwa mapema, utashindwa kushika vyema ufunguo au kikombe cha chai. Kwa sababu hiyo, achilia fimbo unapoanguka.

Na kichwa je? Mwezi Machi mwaka wa 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka kwenye mteremko wa wanaoanza huko Mont Tremblant, Kanada. Hakuwa amevaa helmeti. Aliinuka, akaongea, akakataa huduma. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma, na siku mbili baada ya anguko alikuwa amefariki. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kati ya fuvu na ubongo, na damu hiyo hukusanyika taratibu huku mgonjwa akionekana mzima. Helmeti hupunguza hatari lakini haiiondoi: Michael Schumacher alikuwa ameivaa alipogonga mwamba huko Méribel, Ufaransa, Desemba 2013. Kwa hiyo yeyote aliyegonga kichwa, mzee au mtoto, asirudi mlimani siku hiyo wala asiachwe peke yake. Maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika, akisinzia kupita kawaida au akiongea ovyo, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje asubuhi.

Hewa nyembamba, na damu yako

Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Nairobi. Mkazi wa Nairobi hatahisi kitu. Lakini mji wa Breckenridge uko karibu mita 2,900, na lifti zake huwafikisha watu juu ya mita 3,900. Huko ni sawa na kulala karibu na kituo cha Met Station katika Mlima Kenya, kisha asubuhi kupanda kuelekea Mackinder's Camp. Utafiti uliofanywa katika miji ya milima ya Colorado na kuchapishwa mwaka wa 1993 ulikuta kwamba takriban mgeni mmoja kati ya wanne alipata maradhi ya mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, usingizi wa mang'amung'amu.

Anayetoka Mombasa au Malindi ajihadhari zaidi ya Mnairobi. Lala usiku mmoja au mbili Denver kwanza, siku ya kwanza mlimani usijichoshe, na pombe iache ingoje. Kichwa kikiuma, usipande juu zaidi. Ukikosa pumzi hata ukiwa umeketi, ukikohoa povu, au ukipepesuka kama mlevi, teremka usiku huohuo. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kukata tikiti, wala asiache dawa zake kwenye mzigo mkubwa wa ndege.

Sasa naja kwenye jambo ambalo vijitabu vya wageni huko mlimani hulipitia haraka, na ambalo kwetu si dogo. Katika Pwani, Nyanza na Magharibi ya Kenya, watu wengi wana chembe moja ya urithi ya ugonjwa wa selimundu. Si wagonjwa, wala wengi hawajui kwamba wanayo. Lakini kwenye hewa nyembamba, hasa mtu akijitumikisha sana na akipungukiwa na maji mwilini, chembechembe zake nyekundu za damu zinaweza kupinda na kuziba mishipa ya wengu. Dalili ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, pengine pamoja na kutapika na homa. Daktari asiyeijua historia yako anaweza kudhani ni tumbo tu, kwa hiyo mwambie. Wengi wenye hali hii hupanda na kushuka salama, na sikuandiki haya ili ughairi safari. Kapimwe, ni kipimo cha kawaida cha damu. Aliye na ugonjwa wenyewe wa selimundu, chembe zote mbili, huyo namshauri abaki Denver na wajukuu wamletee picha.

Baridi yenyewe sina mengi ya kuisema. Usivae pamba karibu na ngozi, kwa kuwa ikilowa jasho haikauki. Tafiti za kijeshi Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika huumizwa na baridi kuliko wenzao. Vidole vikifa ganzi, ingia ndani uvipashe kwa maji ya uvuguvugu. Usivisugue, na usivisogeze motoni. Mwenye pumu aweke kifaa chake cha kuvuta dawa kwenye mfuko wa ndani ya koti ili kisigande. Na wale wanaoniambia kwamba ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua, nawajibu kwamba jicho halina ngozi nyeusi. Theluji mbichi huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hatari. Ukiteleza bila miwani, usiku utahisi kama umetiwa mchanga machoni.

Yaliyobaki ni ya kabla na baada. Wiki sita kabla ya safari, acha lifti ya ofisini upande ngazi, na uzishuke pia, maana ni misuli ya mapaja inayolinda goti. Soma bima yako ya safari neno kwa neno: nyingi haziugusi mchezo huu mpaka ulipe zaidi, na gharama ya upasuaji wa goti Marekani inaweza kumaliza shamba. Saa nane alasiri, miguu ikianza kutetemeka, rudi chini kwa lifti badala ya kuteleza. Waombe wahudumu ikiwa huna hakika kwamba lifti hiyo hushusha watu. Kuhusu ile "mara moja ya mwisho," waachie wengine.

Ikiwa umeumia mguu na bado unapaswa kuruka saa nyingi kurudi nyumbani, mwambie daktari wa huko kabla hujapanda ndege. Mguu uliofungwa, usiosogea, ni mahali ambapo damu huganda. Shavu la mguu likivimba na kuuma siku au wiki chache baadaye, au ukakosa pumzi ghafla, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kabla ya kuondoka huko, omba picha zote ulizopigwa pamoja na ripoti zake, uje nazo. Zitatusaidia kuliko barua ya kusema tu kwamba uliumia.