Je, Wajua? Kusoma Si Kutamka Tu

Je, wajua kwamba mtoto akishashika irabu 5 na silabi zake, anaweza kutamka karibu kila neno la Kiswahili, hata asilowahi kulisikia? Ba, be, bi, bo, bu za darasa la kwanza ndizo hizo hizo za gazetini. Mtafiti Philip Seymour na wenzake walipolinganisha lugha 13 za Ulaya, katika utafiti uliochapishwa 2003, watoto wa Finland, ambao lugha yao nayo huandikwa kama inavyotamkwa, walikuwa wakisoma vizuri kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Wa Kiingereza walihitaji zaidi ya miaka 2 kufika hapo.

Je, wajua kwamba wepesi huo una mtego? Andika ubaoni: paa. Darasa zima litasoma bila kusita. Lakini ni paa la nyumba, paa wa porini, ndege kupaa angani, au kupaa magamba ya samaki? Sasa andika sentensi mbili: "Barabara imefungwa" na "Fundi kaifunga nati barabara". Katika ya kwanza mkazo uko kwenye silabi ya tatu, katika ya pili, yenye maana ya "sawasawa", uko kwenye silabi ya pili, na karatasini hakuna alama yoyote ya kukuonyesha. Hapa msomaji huelewa kwanza, ndipo akatamka! Kwangu mimi, hakuna somo zuri la ufahamu kuliko neno hili moja, barabara.

Je, wajua kwamba mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kama hesabu ya kuzidisha? Kutambua maneno mara kuielewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Watoto wa pwani waliohitimu chuoni, yaani madrasa, wanalijua hili: msahafu wanausoma kwa ufasaha, lakini maana ya Kiarabu chake ni somo jingine, na lina mwalimu wake.

Je, wajua kwamba "hawatakupikia" ni neno moja kwetu, na kwa Kiingereza ni maneno sita? Ukipima kasi kwa kuhesabu maneno kwa dakika, ukalinganisha lugha hizi mbili, mtoto wa Kiswahili ataonekana mzito bila kosa lake.

Je, wajua kwamba Paulo Freire wa Brazil, aliyefundisha watu wazima miaka ya 1960, naye alitumia silabi? Ila hakuanza na silabi. Alianza na mazungumzo juu ya neno la maisha yao, kama *tijolo*, yaani tofali, ndipo akalikata: ta-te-ti-to-tu, ja-je-ji-jo-ju, la-le-li-lo-lu. Mradi wa UNESCO uliokuwa na makao yake Mwanza kuanzia 1968 nao uliwafundisha wakulima kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba.

Mwalimu, kesho mtoto akimaliza aya, funga kitabu umwambie akusimulie alichosoma. Mpe muda, usimkatize.