Ruta na laini ya kukodi: angalia matundu kabla ya kununua waya

Wadau, miaka ya 2000 kuna ofisi moja (jina nalihifadhi) ilinunua ruta ya Cisco, ikalipia laini ya kukodi ya 2 Mbps kuunganisha tawi na makao makuu, halafu tawi likakaa wiki nzima bila mawasiliano. Kisa? Waya! Na bili ya laini inatembea kama kawaida.

Fundi aliangalia upande mmoja tu. Waya wa siriali una vichwa viwili visivyofanana. Upande wa ruta, kadi ya WIC-1T ina tundu kubwa la pini 60, lakini WIC-2T ina matundu madogo ya pini 26, yale yanayoitwa Smart Serial. Usilazimishe, utapinda pini bure. Upande wa pili unafuata modemu ya kampuni iliyokupa laini: V.35 ni ile plagi pana ya pini 34, X.21 ni pini 15, RS-232 ni pini 25. Hiyo ya mwisho sahau kwa 2 Mbps, haikutengenezwa kwa kasi hiyo.

Sasa pale wengi wanapoumia: V.35 ipo ya DTE na ipo ya DCE. Modemu ndiyo inayotoa mapigo ya saa, yaani yenyewe ni DCE, kwa hiyo ruta yako inataka waya wa DTE, plagi dume. Ule wa DCE ni wa kuunganisha ruta mbili mezani wakati wa mazoezi. Ukifika dukani ukasema "V.35" tu, utapewa wowote.

Kama laini ya E1 inaingia moja kwa moja kwenye kadi ya ruta, hiyo habari nyingine. Plagi inafanana na ya Ethernet lakini inatumia pini 1, 2, 4 na 5, wakati Ethernet ya 100 Mbps inatumia 1, 2, 3 na 6. Kwa umbali mfupi waya wa kawaida ulionyooka utafanya kazi, ule wa Ethernet uliopishanishwa hautafanya.

Siku hizi laini nyingi mpya zinakuja kwa faiba na Ethernet, kwa hiyo haya ni ya wenye ruta za zamani. Piga picha matundu yote mawili, nenda nazo dukani. Ukishachomeka, andika show controllers serial ikifuatiwa na namba ya tundu. Ikisoma DTE V.35, endelea. Ikisoma DCE, chomoa, tafuta risiti.