Lori limetoka gereji halina nguvu? Usikimbilie kununua turbo

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu, maana simu niliyopigiwa juzi nayo inahusu mazao.

Kijana analima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Lori lake lilishushwa injini, likabadilishwa gasketi ya silinda hedi, likawaka vizuri tu. Akapakia magunia kwenda Iringa. Kufika Kitonga, nguvu hakuna! Kapanda kwa gia ya kwanza, nyuma moshi mweusi. Fundi akamwambia turbo imekufa, tafuta nyingine. Na hela iliyopo ni ya mbegu za msimu ujao.

Mimi ni bwana shamba, si fundi, ila nilimuuliza: kabla ya matengenezo turbo ilikuwa inavuta? Akasema ndiyo. Basi anza na kile kilichoguswa na spana.

Turbo inazungushwa na moshi wa eksozi. Feni ya upande wa pili, kwenye mhimili uleule, inashindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikivujia njiani, dizeli haiungui yote, ndiyo unaona moshi mweusi. Kwa hiyo fuata mipira yote kutoka turbo hadi kwenye injini. Angalia klempu zilizolegea, mpira uliochanika chini usikoonekana, alama ya mafuta yenye vumbi kwenye maungio. Ingiza mkono hadi chini, usitazame juu juu. Na usidanganyike kwa kupiga resi lori limesimama, hapo turbo haisukumi hewa nyingi. Mvujo unausikia mlimani, lori likiwa na mzigo: fyuuu.

Kagua pia gasketi kati ya injini na turbo. Masizi yakionekana pale, moshi unatoroka kabla ya kuzungusha feni. Na fungua bomba la kuingiza hewa. Matambara ya kuzibia huwa yanasahaulika humo, msicheke.

Kama lori ni zito lakini halitoi moshi, tafuta kampira kembamba kanakotoka kwenye njia ya hewa kwenda pampu ya dizeli. Pampu nyingi za zamani zinakategemea kujua wakati wa kuongeza dizeli. Kakiachwa wazi, nguvu inapotea. Kakiwa sawa, angalia filta ya dizeli.

Mwisho ndiyo turbo yenyewe. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, zungusha feni kwa kidole. Ikizunguka laini bila kugusa ukuta, ni nzima. Ikikwaruza, au kuna moshi wa bluu na mafuta mengi ndani ya bomba, hapo mwite fundi.

Yule kijana alikuta klempu ya chini haikukazwa kabisa. Kanunua mpya, kafunga mwenyewe, na mzigo uliofuata ulipanda kwa gia ya tatu.

Ukilazimika kubadilisha turbo, hakikisha fundi anaijaza oili kabla ya kuwasha, na injini iachwe isilensa kwanza bila kupigwa resi.