Usukani wa umeme waingia Land Rover za zamani, wenye mali watakiwa kupiga hesabu

WENYE Land Rover za zamani wanaotaka kuzifunga usukani unaosaidiwa na umeme wanashauriwa kupiga hesabu kabla hawajamwita fundi. Mota na kontroli boksi lake ni sehemu ndogo tu ya gharama. Kinachokula fedha ni olteneta, nyaya, viungo vya shafti na siku za kazi. Na kinachoweza kula thamani ya gari lenyewe ni msumeno wa chuma.

Magari yanayohusika ni ya Series II, iliyotoka mwaka 1958, IIA iliyoifuata, na Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Afrika Mashariki inayajua vizuri. Yalibeba mabwana shamba, askari, wamisionari na wagonjwa, na Land Rover zimewahi kuunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland Kenya. Kwenye tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, magari ya aina hii yalionyeshwa kwa fahari. Lililokuwa jembe la kazi sasa ni mali ya kutunzwa, na mnunuzi wa mali ya namna hiyo hufungua boneti na kuuliza kipi si cha asili.

Zilipotoka kiwandani hazikuwa na pampu ya hidroliki. Nguvu yote ya kugeuza magurudumu ya mbele hutoka mabegani mwa dereva. Gari likiwa katika mwendo, uzito huo hausumbui sana. Adha huja kwenye maegesho, hasa kwa mwenye gari aliyeacha tairi za asili za 7.50-16 akafunga pana zaidi. Wengi walioyanunua wakiwa vijana sasa ni watu wazima wenye mgongo na mabega yanayolalamika, na wanabaki na njia mbili: kuuza au kurekebisha.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Suzuki iliitumia kwenye Cervo mwaka 1988, miaka 37 baada ya Chrysler kuuza magari ya kwanza ya abiria yenye usukani wa hidroliki. Ndani ya nguzo ya usukani kuna kijiti cha chuma kinachopinda kidogo dereva anapozungusha. Sensa hupima mpindo huo, kontroli boksi hukadiria msaada unaotakiwa, na mota husukuma shafti kupitia meno ya gia. Hakuna oili, hakuna mkanda wa kuzungusha pampu, na umeme mwingi hutumika pale tu usukani unapogeuzwa. Umeme ukikatika, shafti bado imeungana na boksi la stelingi. Gari hurudi kuwa zito kama zamani, lakini linageuka.

Vifaa hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni seti mpya zinazotengenezwa Uholanzi na Uingereza kwa ajili ya magari ya kale, zilizokwisha kukatwa vipimo. Bei ya seti kamili kwa kawaida huzidi euro 1,000, kabla ya usafirishaji na ushuru. Ya pili ni nguzo ya gari dogo lililochakaa. Mafundi wa Uingereza hupenda ile ya Corsa ya kuanzia mwaka 2000. Kwa fundi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi jibu liko karibu zaidi: Toyota Vitz iliyotoka mwaka 2005 na Nissan March ya 2002 zina mota kwenye nguzo ya usukani, zinatoka Japani zikiwa na usukani upande wa kulia, na zinapogongwa nguzo hiyo huishia kwa wauza spea waliotumika. Hapo ndipo pengo la bei linapokuwa kubwa mno, na ndipo vishawishi vinapoanza.

Kontroli boksi la Vitz limezoea kupewa taarifa na kompyuta ya gari lake, hasa kasi ya gari na kama injini inawaka. Land Rover ya mwaka 1965 haina cha kuliambia. Baadhi ya maboksi yakikosa taarifa hizo huamua kutoa msaada wa kiasi kimoja kisichobadilika. Mengine hugoma kabisa. Dawa ni kaboksi kadogo kanakoiga ishara hizo, kenye kitufe cha kuzungusha ili dereva aongeze au apunguze msaada. Kwa mwenye busara, kitufe hicho huzungushwa kwenye maegesho na kupunguzwa kabla ya barabara kuu, maana usukani mwepesi kupita kiasi kwenye gari la kilomita 80 kwa saa ni hatari kuliko ule mzito.

Sasa umeme. Mota ikigeuza magurudumu gari likiwa limesimama inaweza kuvuta ampea 40 au zaidi. Kwa volti 12, hizo ni wati 480. Dainamo ya Lucas C40 iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za Series II hutoa kiasi cha ampea 22 injini ikizunguka vizuri, na injini ikiwa sailensa haitoi kitu cha maana. Taa za mbele na za nyuma zikiwashwa huchukua karibu nusu ya hizo. Kwa maneno mengine, saa ile ile dereva anapouhitaji msaada, yaani wakati wa kuegesha, dainamo imelala na betri ndiyo inayolipa. Mizunguko michache betri itaivumilia. Safari za mjini za kila siku haitazivumilia. Series III zilikuja na olteneta, ila ndogo. Kwa hiyo olteneta kubwa zaidi iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake karibu na betri hiyo.

Jambo jingine la kumuuliza fundi rewaya: gari lina ardhi chanya au hasi? Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 hivi zilikuwa na ncha chanya ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Kontroli boksi la kisasa likiunganishwa hivyo litaungua, na fedha itakuwa imekwenda.

Lakini kubwa kuliko yote ni shafti. Kwenye MGB, kwa mfano, nguzo imeungana na raki kwa kiungo kinachofunguliwa kwa spana, na mota inaweza kuwekwa bila kukata kitu kikubwa. Land Rover ya Series haina hisani hiyo: shafti ya ndani ni kipande kimoja kuanzia kwenye usukani hadi ndani ya boksi la stelingi. Kuingiza mota ni kuikata. Fundi wa kweli huunganisha vipande kwa viungo vyenye meno na boliti za kubana. Kuchomelea shafti ya usukani pembeni ya barabara, hata kwa fundi hodari, ni kuweka uhai wa familia kwenye mshono mmoja. Aidha, kufuli ya usukani iliyokuja na nguzo ya Vitz iondolewe kabisa. Ikibaki bila ufunguo wake inaweza kujifunga gari likiwa mwendoni.

Kwa upande wa thamani, wanaojua biashara hii hawakati boksi la asili. Hununua jingine bovu, hulikarabati, hulikata hilo, na la asili hulihifadhi.

Kabla ya yote hayo, magurudumu yanyanyuliwe na usukani uzungushwe. Ukiwa mzito hata tairi zikiwa hewani, ugonjwa uko kwenye boljointi zilizokauka, pini za ekseli ya mbele zilizobana, au rilei ya stelingi iliyo ndani ya chasisi. Rilei hiyo ina springi kali iliyobanwa. Imewahi kuwarukia wasioijua, na haifai kufunguliwa kwa nyundo tu. Grisi, upepo sahihi wa tairi na boljointi mpya vinaweza kumaliza nusu ya malalamiko kwa gharama ndogo.

Kwa anayefikiria mnunuzi wa nje, Uingereza tangu Mei 2018 imesamehe ukaguzi wa kila mwaka magari mengi yaliyopita miaka 40, isipokuwa yaliyobadilishwa sana. Mabadiliko ya mfumo wa usukani yamo katika yanayoangaliwa, ingawa yaliyofanywa kuongeza usalama au ufanisi hukubalika. Risiti, picha za kazi na jina la gereji vitaulizwa, na kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi. Boksi la asili, limepakwa grisi na kufungwa kwenye turubai, liende na gari siku ya kuuzwa.